Sakafu ya tela langu imeoza tena ingawa niliipaka oili kila mwaka: nibadilishe mbao, mafuta, au niweke chuma?

*"Nina tela la kuvutwa na trekta, la ekseli moja, lenye uwezo wa tani 3. Sakafu yake ina urefu wa futi 10 na upana wa futi 6, na imelazwa juu ya chaneli za chuma zilizoachana futi mbili. Nipo mkoani Njombe, nabebea viazi, mbolea, magunia ya mahindi na mara chache kokoto. Miaka minne iliyopita niliweka mbao mpya za paini na kuzipaka oili chafu ya injini kila mwaka kabla ya mvua, lakini sasa zimeoza, hasa kwenye ncha na pale zinapokutana na chuma. Fundi wa kwanza ananishauri niweke mninga na kuupiga vanishi, wa pili anasema niachane na mbao niweke bati nene la chuma, na wa tatu anasema paini ya dawa inatosha. Tela hulala nje mwaka mzima. Nifanye lipi ili nisirudie kazi hii baada ya miaka mingine minne?"*

Ndugu msomaji, maelezo yako yamejitosheleza kiasi kwamba nusu ya jibu tayari imo ndani yake. Umesema mbao zimeoza kwenye ncha na pale zinapokutana na chuma. Hukusema zimeoza katikati, pale zinapopigwa na jua na mvua moja kwa moja na ambapo, kwa hakika, ndipo ulipopaka oili kwa bidii zaidi. Hapo ndipo penye ufunguo wa suala lako. Wewe hukuwa mzembe wa matunzo; ulitunza upande wa juu, wakati uozo ulianzia chini na pembeni, mahali ambapo maji yaliingia yakakosa njia ya kutoka. Mafundi wako watatu wanabishana kuhusu aina ya ubao na aina ya kitu cha kupaka, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini hakuna aliyegusa suala la maji. Usipolitatua hilo, hata mninga utakurudisha kwa fundi.

Tuanze na namna ubao unavyooza. Ubao haulwi na mvua wala na uzee. Huliwa na kuvu, viumbe hai ambao mbegu zao zimo hewani kila mahali na ambao huhitaji chakula, hewa, joto la wastani na maji. Chakula ni ubao wenyewe, hewa huwezi kuizuia, na joto la Njombe, hata katika baridi ya Juni na Julai, halitoshi kuwaua. Kilichobaki mikononi mwako ni maji. Ubao ambao maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi, hata ukikaa miaka mingi. Ndiyo maana kenchi za nyumba ya zamani iliyoezekwa vizuri unaweza kuzikuta bado nzima. Kuvu hushamiri pale kuta za nyuzi za ubao zinaposhiba maji kabisa, yaani kuanzia takriban asilimia 28 hadi 30 kwenda juu, na hali hiyo ikadumu kwa siku nyingi mfululizo.

Sasa liangalie tela lako siku ya pili baada ya mvua. Uso wa juu hukauka ndani ya saa chache jua likitoka. Lakini kati ya ubao na mgongo wa chaneli kuna mwanya mwembamba kama karatasi, na maji yakishaingia humo hushikwa na kukaa siku kadhaa, kwa sababu upepo haufiki na jua halifiki. Kuanzia Novemba hadi Aprili, kabla sehemu hiyo haijakauka, mvua nyingine imeshanyesha. Ncha za mbao nazo zina shida yao. Ubao umejengwa kwa mirija midogo iliyolala kufuata urefu wa mti, ile ambayo mti ulitumia kupandishia maji, na unapokata ncha unaiacha mirija hiyo wazi. Ncha iliyokatwa hunywa maji kwa kasi kubwa kuliko uso wa ubao. Kama mbele na nyuma ya tela lako kuna engo ya chuma iliyofunika ncha hizo, na nadhani ipo, basi engo hiyo imekuwa ikikusanya maji, vumbi na mabaki ya mbolea na kuyashikilia pale pale ambapo ubao ni dhaifu.

Kabla ya kung'oa chochote, chukua bisibisi bapa, lala chini ya tela, na uichome sakafu kwa chini, kwanza katikati ya nafasi kati ya chaneli mbili, halafu kandokando ya kila chaneli. Ubao mzima hukataa na kutoa mlio mkavu; uliooza humeza ncha ya bisibisi bila kelele. Ukikuta ubao umegeuka kahawia na kupasuka vipande vidogo vya mraba vinavyosagika vidoleni, huo ni uozo kamili, na ubao huo hauna nguvu hata kama juu unaonekana mzuri. Usimpakie mtu wala mzigo mzito juu yake tena.

Nikija kwenye oili chafu, naomba uniwie radhi kwa kuwa mkali kidogo, kwa sababu ni mazoea yaliyoenea sana na yana madhara. Ni kweli kwamba oili humwaga maji kwa muda na huwafukuza baadhi ya wadudu. Lakini oili ya injini haikauki; hubaki kuwa kimiminika, mvua huiosha taratibu, nayo hudondoka kwenye udongo wa shamba lako. Imebeba chembe za metali zilizosagika ndani ya injini pamoja na masalia ya mafuta yaliyoungua, ambayo baadhi yake husababisha saratani yakigusa ngozi mara kwa mara. Viazi vyako na magunia yako ya mahindi hukaa juu ya hayo yote. Isitoshe, ubao ulioshiba oili hauwezi tena kupokea dawa, mafuta mazuri wala rangi, na ukilowa huteleza kiasi cha kumwangusha mpakiaji. Lipo pia la moto: mbolea zenye naitreti, kama CAN, huchochea mwako, na zikimwagika mara kwa mara juu ya mbao zilizolowa oili zinaufanya moto, ukitokea, uwake kwa ukali zaidi. Iache kabisa.

Vanishi nayo haifai hapa, ingawa kwa sababu tofauti. Vanishi hutengeneza utando mgumu juu ya ubao, utando ambao ni mzuri kwa kabati au mlango uliokingwa na mvua. Kwenye sakafu ya tela, gunia la kwanza litakaloburutwa litauchuna, na maji yatapita kwenye mchubuko huo na kusambaa chini ya utando. Kuingia kutakuwa rahisi na kutoka kutakuwa kugumu. Baada ya msimu mmoja utaona mabaka meusi chini ya vanishi inayong'aa, na ili uipake upya itabidi kwanza uikwangue yote. Ubao wa nje unaokanyagwa unahitaji kitu kinachozama ndani ya nyuzi na kuchakaa polepole bila kubanduka.

Sasa tuwasikilize mafundi wako. Fundi wa mninga hajakudanganya kuhusu mti wenyewe. Kiini cha mninga ni kigumu kuoza, kinatulia kikishakauka, hakipindi ovyo. Mkongo ni mzuri vilevile, na msaji wa mashamba ya Longuza au Mtibwa, ukiwa umekomaa, ni miongoni mwa mbao bora za nje. Lakini sifa hiyo ni ya kiini peke yake. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina uwezo wa kupambana na kuvu wala dumuzi, iwe ya mninga, ya msaji au ya paini. Ukiuziwa mninga wenye mstari mpana mweupe pembeni, umelipia mninga ukapewa ubao wa kawaida. Kuna pia uhalali: mninga na mkongo hutoka misitu ya asili, na uvunaji na usafirishaji wake husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kwa vibali. Nunua kwa muuzaji mwenye stakabadhi, na kama utazibeba mwenyewe kutoka wilaya nyingine, ulizia kwanza hati ya kusafirishia. Binafsi naona ni hasara kulaza mninga chini ya kokoto na koleo wakati ungeweza kuwa kitanda cha kudumu vizazi viwili, lakini hilo ni suala la fedha na dhamira yako.

Huko kwenu kuna mlingoti pia, yaani mkaratusi, ambao mafundi hawajautaja. Mlingoti uliokomaa ni mzito na una nguvu kuliko paini, na kiini chake huvumilia kiasi. Ubaya wake ni hasira yake wakati wa kukauka: hupasuka ncha, hupinda na kujikunja. Kama unaweza kuupata umeshakauka vizuri, umenyooka na bei ni ya kueleweka, usiukatae. Ukiletewa mbichi kutoka kwenye msumeno jana, uache.

Fundi wa tatu, wa paini ya dawa, ndiye ninayeegemea upande wake, ila kwa sharti moja kubwa. Paini ya mashamba, kama ile ya Sao Hill kule Mufindi, huvunwa ikiwa changa, na sehemu kubwa ya ubao wake ni ile nyeupe isiyo na kinga. Ndiyo maana ya kwako iliisha haraka. Lakini udhaifu huo una faida: sehemu nyeupe ya paini hunywa dawa vizuri kuliko takriban mbao zote tulizozitaja. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromu na arseniki, uleule wa nguzo za umeme. Mbao huingizwa ndani ya silinda ya chuma, hewa hunyonywa kutoka kwenye nyuzi, kisha dawa husukumwa ndani kwa shinikizo kubwa hadi izame. Sharti langu ndilo hili: hakikisha imezama. Sokoni kuna mbao zilizochovywa kwenye pipa au kupakwa kwa brashi zikapata rangi ya kijani, na zinauzwa kama mbao za dawa. Mwombe muuzaji akate ubao mmoja katikati ya urefu wake, si kwenye ncha, kisha utazame ulipokatwa. Paini iliyotiwa dawa kwa shinikizo huonyesha ukijani uliopenya kutoka pande zote kwenda ndani, na sehemu nyeupe yote imebadilika rangi. Iliyochovywa huonyesha ngozi ya kijani isiyozidi unene wa ukucha, na ndani ni nyeupe kabisa. Muuzaji akikataa kukata hata ukijitolea kuulipia ubao huo, nenda kwa mwingine.

Dawa hiyo ina arseniki, na hilo lisichukuliwe kwa wepesi. Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwenye mbao za nyumba za kuishi na viwanja vya watoto tangu mwisho wa mwaka 2003. Kwa sakafu ya tela inayobeba viazi ndani ya magunia, mimi naiona inakubalika, mradi usimwage mahindi, pumba au chakula cha mifugo moja kwa moja juu yake. Tandika turubai safi kwanza. Vaa barakoa unapoikata na kuitoboa, nawa mikono kabla ya kula, na vipande vinavyobaki usiviruhusu vifike jikoni. Moshi na majivu ya mbao hizi vina sumu. Waambie wazi watu wa nyumbani, hasa anayepika, kwa sababu kipande cha paini kavu huonekana kama kuni nzuri sana.

Kuhusu bati la chuma, watu hudhani litaliongezea tela uzito mno, lakini hesabu haisemi hivyo. Sakafu yako ina eneo la takriban mita za mraba 5.6. Bati la milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 24 kwa mita ya mraba, yaani kama kilo 130 kwa sakafu nzima. Mbao kavu za paini za inchi mbili zitakaribia uzito huohuo, na mninga utauzidi. Kwa hiyo kama ungekuwa unabeba kokoto na mchanga kila siku na kupakua kwa koleo, ningekwambia weka chuma. Tatizo lako ni mbolea. Mbolea hunyonya unyevu wa hewani, huyeyuka na kuwa maji ya chumvi, na maji hayo hula chuma kwa kasi ambayo utaishangaa, hasa kwa upande wa chini usiouona. Mbao huvumilia chumvi hizo vizuri zaidi. Tena bati la milimita 3 juu ya chaneli zilizoachana futi mbili litabonyea, na kila bonyeo litakuwa bwawa dogo.

Kwa matumizi yako, basi, ningechagua paini iliyotiwa dawa kwa shinikizo, mbao za mbili kwa sita, na kwa zile safari chache za kokoto ningetandika juu kipande cha bati au mbao chakavu cha kuondolewa baada ya kazi. Zipime unene kabla ya kulipa. Nguvu ya ubao kubeba mzigo hufuata unene wake kwa kipeo cha pili, na ukakamavu wake hufuata kipeo cha tatu. Ubao unaouzwa kama wa inchi mbili, lakini ukipimwa ni inchi moja na robo tatu, umepoteza karibu robo ya nguvu na theluthi ya ukakamavu wake, ingawa kwa macho unaonekana uleule.

Sasa kazi yenyewe, na ninakusihi uifanye kati ya Julai na Oktoba, wakati wa kiangazi.

Mbao za dawa mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimelowa. Zipange chini ya paa, ukitenganisha kila safu kwa vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite, na juu yake weka uzito. Kujua kama zimekauka hakuhitaji kifaa cha gharama. Kata kipande cha kama futi moja, kipime kwenye mizani ya dukani kila wiki, uandike. Uzito ukiacha kushuka, ubao umefikia unyevu wa mahali hapo na uko tayari. Wakati huo unasubiri, ng'oa sakafu ya zamani na ushughulikie chuma: kwangua kutu hadi chuma king'ae, osha mabaki ya mbolea kwa maji mengi, acha kikauke, kisha paka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili, na kwenye migongo ya chaneli ongeza rangi ya lami. Safu hiyo ya lami ina kazi mbili, kwani chumvi za shaba zilizomo kwenye mbao za dawa huharakisha kutu ya chuma kilicho wazi. Mafundi wengine hutandika vipande vya tyubu ya tairi kati ya ubao na chuma. Sipendi njia hiyo, kwa kuwa mpira hujikunja pembeni ukawa mfereji wa kushika maji, na tunarudi palepale.

Ukiwa bado na chuma wazi, fikiria pia kuongeza chaneli ili nafasi ipungue kutoka sentimita 60 hadi 40. Gurudumu la toroli au kona ya jiwe ikikandamiza katikati ya nafasi, ubao utabonyea chini ya theluthi moja ya ulivyokuwa ukibonyea awali. Ni kazi ya siku moja kwa fundi wa kuchomelea, na faida yake ni kubwa kuliko kununua mti wa gharama.

Mbao zilale kufuata urefu wa tela. Kama zimekauka vizuri, acha mwanya wa milimita 5 au 6 kati ya ubao na ubao, na tumia msumari mnene wa inchi tano au sita kama kipimo, ukiuchomeka kati yao na kuuhamisha. Kama hali itakulazimisha kuziweka zikiwa bado na maji, zibane zigusane, kwa sababu ubao wa inchi sita wa paini ukikauka hupungua upana kwa takriban milimita 5 na mwanya utajitokeza wenyewe. Ukiacha mwanya juu ya huo, viazi vidogo vitadondoka njiani. Tazama pia ncha ya kila ubao kabla ya kuulaza. Utaona mistari ya miaka ya mti imepinda kama upinde, na kadiri ubao unavyokauka, mistari hiyo hujaribu kunyooka na kuukunja ubao. Ukiulaza ukiwa mbichi huku mistari imekaa kama bakuli lililotazama juu, kingo zitashuka na maji yatatiririka pembeni. Ukiugeuza, kingo zitanyanyuka na ubao utakuwa sinia la kuwekea maji. Wapo mafundi hodari wanaofanya kinyume kwa sababu upande wa kiini ukiwa juu, matabaka ya paini wakati mwingine hunyanyuka kama vijiti, na hoja yao ina uzito. Kwa mbao kavu zilizofungwa vizuri tofauti ni ndogo, hivyo weka juu ule uso usio na vifundo vikubwa na usonge mbele.

Usitumie misumari. Sakafu ya tela hutikisika kila safari, na msumari hujilegeza taratibu hadi kichwa chake kichane magunia. Tumia boliti za zinki za spana 17, zenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba, mbili kwa kila ubao kwenye chaneli za mwisho, na kwenye chaneli za kati angalau moja ukipishanisha upande. Toboa kwanza, mimina mafuta au dawa ya mbao ndani ya tundu, kisha ingiza boliti, na chini weka washa. Kichwa kizame kiasi cha kulingana na uso wa ubao tu. Ukichimba shimo refu umejenga kisima juu ya kila boliti. Baada ya mwezi mmoja wa kazi rudi ukaze zote, maana mbao zitakuwa zimepungua. Ncha za mbao ziache umbali wa milimita 10 kutoka kwenye engo ya mbele na ya nyuma, na kwenye engo hizo toboa matundu ya kutolea maji chini. Maadamu mbao zitauzwa kwa futi 12 na wewe unahitaji futi 10, utakata kila ubao, na kila unapokata unafungua ndani ya ubao ambamo dawa huenda haikufika. Paka ncha hizo dawa ya mbao yenye shaba, mara tatu, ukiacha inyweke kila mara. Hatua hii huchukua nusu saa, na ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka.

Ncha zikishakatwa na kutiwa dawa, na kabla ya kuzifunga mbao kwa boliti, ndipo mafuta. Dondoshea ubao matone machache ya maji: yakizama ndani ya dakika chache, ubao uko tayari kupokea, yakikaa juu kama shanga, subiri. Chukua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya duka la rangi, na kwa mkono wa kwanza yachanganye nusu kwa nusu na tapentaini ili yazame mbali. Paka pande zote za ubao kabla ya kuufunga, pamoja na upande wa chini na kingo. Mkono wa pili upake siku inayofuata au zaidi, kwa mafuta mazito kidogo, na baada ya dakika kama 20 futa yote yaliyobaki juu, kwa kuwa mafuta yanayobaki juu huganda yakanata na kuteka vumbi. Usitarajie kwamba yatazuia maji moja kwa moja; mvuke bado utapita, na ni vizuri upite, kwani ubao unaoweza kupumua huweza kukauka.

Zingatia sana matambara uliyofutia. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuungana na hewa, na muungano huo hutoa joto. Tambara lililokunjwa na kutupwa kwenye kona linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje kwenye uzio, moja moja, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji hadi utakapoyatupa.

Matunzo ya baadaye ni mepesi. Kila baada ya kubeba mbolea, fagia na umwagie maji sakafu na chuma cha chini. Tela likilala, linyanyue mbele kwa jeki au gogo ili maji yatiririkie nyuma, na liwekwe kwenye changarawe, kamwe si kwenye nyasi ndefu zinazopumua unyevu chini yake usiku kucha. Turubai usilitandaze likiwa limelala juu ya mbao, kwa sababu hufungia unyevu. Kila Oktoba rudia jaribio la matone ya maji, na kama yanazama haraka, paka mkono mmoja wa mafuta. Ukifanya hivyo, sitarajii urudi kwenye kazi hii baada ya miaka minne.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyapima, na kwa hayo nakuomba umwite fundi alitazame tela lenyewe. Sakafu ikishang'olewa, gonga kila chaneli kwa nyundo ndogo. Sauti ikiwa butu au vipande vya kutu vikidondoka kama maganda, chuma hicho kimekwisha na kupaka rangi juu yake ni kujidanganya. Kagua kwa makini maungio ya ule mkono wa kuvutia, pale unapoungana na fremu, na pale springi zinapokamata. Ukiona ufa hata mwembamba kama unywele, au mstari wa kutu unaotoka ndani ya weldi, usilivute tela hilo barabarani hadi fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu wa magari, si wa mageti, aufungue na kuujenga upya. Mwambie pia apime uchezaji wa beringi za magurudumu wakati tela liko wazi na jepesi, kabla mbao hazijarudi.